Straiki ni Nini? Utangulizi wa Taaluma ya Uamuzi Michezoni

Tarehe 2 Juni 2010, jijini Detroit, mrushaji Armando Galarraga alibakiza mtu mmoja. Wapigaji 26 wa Cleveland walikuwa wamesimama mbele yake mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyefika besi ya kwanza. Akimtoa wa 27, atakuwa ametimiza jambo ambalo katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani lilikuwa limetokea mara 20 tu tangu mwaka 1880. Mpira ukapigwa ukaviringika chini, mwenzake Miguel Cabrera akaudaka, akamtupia Galarraga aliyekwisha kukimbilia kwenye besi. Mguu wa Galarraga ukaikanyaga besi kabla mpigaji hajafika. Mwamuzi Jim Joyce akatandaza mikono: amefika salama.

Waliotazama kwenye televisheni waliona kwamba sivyo. Joyce mwenyewe, alipoiona picha baada ya mchezo, alikiri kosa bila kujitetea, akamwomba Galarraga radhi huku machozi yakimtoka. Kesho yake alikuwa kazini nyuma ya mdakaji, na aliyempelekea karatasi ya majina ya wachezaji alikuwa Galarraga. Kamishna wa ligi hakuutengua uamuzi. Hadi leo kumbukumbu rasmi zinasema mpigaji yule alifika besi.

Ninakukaribisha kwa kisa hiki kwa sababu kimebeba swali ambalo taaluma nzima inalizunguka. Uamuzi wa Joyce haukuwa wa kweli, lakini ulikuwa halali. Inawezekanaje? Nani ana mamlaka ya kusema kilichotokea uwanjani, na mamlaka hayo anayatoa wapi? Kama hujawahi kuutazama mchezo huu, usione ugeni. Ukiwa umewahi kubishana na wenzako kuhusu VAR, iwe kibandani au kwenye daladala, tayari umeshaingia ndani ya nyumba hii. Kilichobaki ni kukuonyesha vyumba.

Besiboli inafaa kuwa darasa letu kwa sababu mwamuzi wake huhukumu kitu kisichoonekana. Mrushaji husimama umbali wa mita 18.44 kutoka kwenye bamba lililolazwa ardhini, lenye upana wa sentimeta 43. Mpira unaokimbia kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji kabla nusu sekunde haijaisha. Asipojaribu kuuchapa, mwamuzi aliyeinama nyuma ya mdakaji hutamka: kama umepita juu ya bamba, kati ya magoti na kifua, ni straiki, kama haukupita hapo, ni boli. Straiki tatu humtoa mpigaji, boli nne humpa besi ya kwanza bure. Mpira wa miguu una milingoti. Hapa milingoti imo kichwani mwa mwamuzi.

Kamera zilipofungwa viwanjani na kuanza kurekodi kila mpira uliorushwa, watafiti walipata hazina ambayo wanaochunguza mahakama hawajawahi kuipata: mamilioni ya hukumu, kila moja ikiwa na kipimo chake pembeni. Walichokiona kinastahili kutafakariwa polepole. Mpigaji akiwa na boli tatu bila straiki, eneo la straiki hupanuka. Akiwa na straiki mbili bila boli, husinyaa. Yaani mwamuzi huona uzito kutamka neno litakalomaliza shauri. Mwaka 2011 Daniel Hamermesh na wenzake walichapisha uchunguzi mzito zaidi: waamuzi walielekea kuwapendelea kidogo warushaji wa asili yao, na upendeleo huo ulififia katika viwanja ambamo mitambo iliwakagua waamuzi. Hata kabla haijahukumu chochote, kamera ilikuwa imekwisha kumbadilisha anayehukumu.

Marudio ya picha yaliingia ligi kuu mwaka 2008, kwa mipira ya kuvuka uzio tu. Mwaka 2014 makocha waliruhusiwa kupinga maamuzi mengi zaidi, yakaguliwe kutoka New York. Straiki haikuguswa hadi msimu wa 2026. Na hapo ndipo penye utamu. Kabla mashine haijahukumu, watu walilazimika kukubaliana upya straiki ni nini. Kitabu cha kanuni kilieleza umbo lenye kina, linaloanzia chini ya goti la mpigaji. Mashine ikapewa kitu kama dirisha bapa lililosimama katikati ya bamba, kuanzia asilimia 27 ya kimo cha mpigaji hadi asilimia 53.5. Mpira unaogusa ukingo wa mbele wa umbo hilo kisha ukadondoka nje ya dirisha ni straiki kitabuni, lakini kwa mashine ni boli. Anayedai kwamba mashine ilikuja tu kupima kanuni iliyokuwapo hajaliona dirisha hilo.

Harry Collins wa Cardiff, pamoja na Robert Evans na Christopher Higgins, walitukumbusha katika kitabu chao cha 2016 kwamba mitambo ya kufuatilia mpira nayo hukadiria, ingawa picha inayoonyeshwa watazamaji haina shaka hata chembe. Kwao, mchezo unahitaji haki inayoonekana kuliko usahihi wa milimita. Nakubaliana nao. Kosa la Joyce halikuhitaji milimita, lilihitaji rufaa.

Rufaa ndiyo njia iliyochaguliwa. Katika ligi za chini walijaribu mashine ihukumu kila mpira, wakajaribu pia mwamuzi ahukumu na mchezaji akate rufaa. Ligi kuu ikachukua ya pili: kila timu ina rufaa mbili, anayezikata ni mrushaji, mdakaji au mpigaji peke yake, papo hapo, kwa kugusa kofia yake; akishinda, timu yake hubaki na rufaa hiyo. Naona walichagua vyema, kwa kuwa binadamu bado ndiye anayetamka kwanza.

Mashine hizi zote, hata hivyo, ziko katika viwanja vichache sana duniani. Watoto wa Lugazi, Uganda, waliokuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto ya Little League mwaka 2012, hawakujifunzia mchezo chini ya kamera. Kwa hiyo ombi langu kwako, msomaji, kabla hujaendelea: nenda uwanja wowote ulio karibu nawe, mchezo wowote, na kwa dakika kumi usiutazame mpira. Mtazame mwamuzi. Andika amesimama wapi alipoamua, amesita muda gani, na nani amembishia. Kisha uje tuendelee.