Kumbe chini ya Ngome Kongwe kuna kanisa!

Juzi kijiweni hapa Daraja Mbili uliwaka ubishi: Ukristo ulianza lini nchini kwetu? Mmoja akawataja wamisionari wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliouawa huku Meru mwaka 1896. Mwingine akamkatisha, "Acha hizo bwana, ni Bagamoyo, 1868!"

Jamani, kuna kanisa lililowatangulia wote hao kwa zaidi ya miaka 250, na wengine mmelikanyaga bila kujua. Ile Ngome Kongwe ya Unguja, ambako kwa miaka mingi watu wameruka majoka kwenye Sauti za Busara, ilijengwa juu ya kanisa la Wareno. Lilijengwa kati ya 1598 na 1612 hivi, na mabaki yake bado yanaonekana kwenye ukuta wa ndani.

Waliohudumu pwani hii walikuwa watawa wa Mtakatifu Agustino. Makao yao makubwa yalikuwa monasteri ya Mombasa, iliyoanzishwa 1597, jirani na Fort Jesus. Ndani ya Fort Jesus kwenyewe kuna misingi ya kanisa dogo.

Sasa swali: mbona haikubaki hata parokia moja? Kwa sababu dini ilikuja na mizinga. Mwaka 1503 Ravasco aliteka vyombo vya Wazanzibari, kisha akamlazimisha mtawala wao kulipa kodi kila mwaka. Halafu cheki kisa cha Yusuf bin Hassan wa Mombasa. Baba yake aliuawa kwa hila za Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na watawa hao hao, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa kutawala. Agosti 1631 akamchoma kisu kamanda wa Wareno, akaurudia Uislamu, na Wareno wa Mombasa wakauawa, watawa wakiwemo.

Desemba 1698 Waomani wakaiteka Fort Jesus. Unguja nayo ikawa yao, wakajenga ngome kujikinga Mreno asirudi. Ukuta wa kanisa hawakuutupa, waliuingiza kwenye jengo lao. Ndiyo maana upo hadi leo: aliyelimaliza kanisa ndiye aliyelihifadhi.

Kwa hiyo ukifika Unguja, kabla hujakimbilia urojo Forodhani, ingia ngomeni uutafute ukuta huo. Aliyekwisha kuuona atupe habari.

Naomba kuwasilisha.