Unaongeza Sauti ya TV Jirani Akipigwa? Cheki Venye Mitaa ya Kampala Ilipindua Hiyo Stori

Kama umewahi kuishi kwa ploti, hii unaijua. Saa nne usiku, ng'ambo ya ukuta sahani inavunjika, mtu anapiga nduru, mtoto analia. Wewe unaongeza sauti ya TV. Asubuhi mnapatana kwa bomba, mathe wa pale ako na jicho limefura, na hakuna anayesema kitu. Si mambo ya nyumba ni ya watu wawili?

Hapo kwa "hakuna anayesema kitu" ndipo wasee wa Uganda waliamua kuanzia.

Shirika la Raising Voices la Kampala lilitengeneza mpango unaoitwa SASA!. Ndiyo, ni hiyo sasa yetu ya Kiswahili. Shirika lingine, CEDOVIP, likaupeleka mitaani, na watafiti wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine wakaingia kupima kama kitu inafanya kazi kweli ama ni stori za semina tu.

Kupima kwenyewe hakukuwa mchezo. Walichukua maeneo nane ya Rubaga na Makindye. Kura ikapigwa: manne yakapata mpango, manne yakangoja. Mwanzoni watu 1,583 walihojiwa, na mwaka wa 2012, karibu miaka minne baadaye, wakahojiwa 2,532.

Sasa utamu uko hapa. Hakuna msee wa suti aliyetumwa kuhubiria watu. Walioendesha kazi ni majirani wenyewe, wanaume kwa wanawake. Wanapiga stori sokoni, kwa mlango wa nyumba, mahali popote watu wamekaa. Wanaigiza, wanaonyesha michoro, wanauliza maswali. Polisi, wahudumu wa afya na viongozi wa dini nao wakavutwa ndani.

Na hawakuanza na "usimpige bibi yako". Walianza na nguvu. Nani ako na usemi kwa hiyo nyumba? Nani anaamua doh itumike aje? Wewe mwenyewe unaskia aje bosi ama karao akikukalia? Mi naona hiyo ndiyo akili ya hii kitu yote. Mwambie jamaa yeye ni mnyama, atafunga masikio. Muulize kuhusu siku alionewa yeye, atakaa aongee, na pole pole ataanza kujiona upande ule mwingine.

Matokeo yalitoka 2014. Kwa maeneo yaliyopata SASA!, kiwango cha wanawake waliopigwa na wapenzi wao ndani ya mwaka mmoja kilikuwa chini kwa asilimia 52 ukilinganisha na yale mengine. Hiyo namba usiibebe kama injili, ju maeneo nane ni machache na makadirio yake ni mapana. Lakini mambo mengine yalisonga nayo. Watu wanaosema kumpiga bibi ni sawa walipungua, hasa wanaume. Mwanamke aliyepigwa alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kusaidiwa na watu wa mtaa. Na hii mtaipenda: wanaume waliokiri kuwa na mpango wa kando mwaka huo walikuwa asilimia 27, huku kule kwingine wakiwa 45.

Huku kwetu, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulipata asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu wafike miaka 15. Sheria tuko nayo tangu 2015, na inaruhusu mtu yeyote anayeshuku dhuluma ya nyumbani kupeleka habari kwa wahusika. Hata wewe wa ukuta wa pili. Shida ni kwamba sheria haikai kwa ploti yenu. Wanaokaa hapo ni nyinyi, kinyozi, mama mboga na keateka.

Si lazima uvunje mlango, na usiende solo, unaweza umia. Itaneni wawili watatu mbishe. Kesho yake mkute mathe akiwa pekee yake, umuulize anataka nini, usimwamulie. Na usiku kukichacha, piga 1195. Ni bure, na iko wazi saa 24.