Fahamu: Kwa nini kuacha kokeini si suala la nia tu

Mraibu wa kokeini akirudia dawa baada ya kuapa mbele ya ndugu zake, watu husema hana nia. Picha za ubongo zinasema vingine. Dopamini, kemikali inayotusukuma kutafuta chakula au mapenzi, ikishamaliza kazi hurudishwa ndani ya seli iliyoitoa. Kokeini huziba mlango wa kurudia, dopamini ikafurika. Ubongo ukizoea mafuriko hayo hupunguza vipokezi vya dopamini. Uchunguzi wa mtafiti Nora Volkow nchini Marekani, tangu miaka ya 1990, ulionyesha upungufu huo ukidumu miezi kadhaa baada ya mtu kuacha, pamoja na kuzorota kwa sehemu ya mbele ya ubongo, ileile tunayoitegemea kujizuia.

Basi hakuna tumaini? Lipo, ila huja polepole. Heroini ina dawa ya methadoni, inayotolewa katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2011. Kokeini haina dawa iliyoidhinishwa. Kilichofaulu zaidi ni mbinu ya mtafiti Stephen Higgins wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani: mkojo ukipimwa ukawa safi, mgonjwa anapewa vocha ya kununulia vitu. Wapo wanaouliza kwa nini mtu alipwe kwa kutimiza wajibu wake. Swali ni halali, lakini ubongo wa mraibu husikia zawadi ya leo kuliko afya ya mwakani, na vocha inazungumza lugha hiyohiyo. Zawadi zikikoma wengine huteleza, ni kweli. Ndiyo maana huambatana na ushauri nasaha. Hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani zinatumia mbinu hii tangu 2011.