Tarakimu Zenye Maana: Kutoka Boyoma hadi Yangambi

Kati ya Ubundu na Kisangani Mto Kongo huteremka maporomoko saba ya Boyoma, na poromoko la mwisho ndilo lile ambalo Wagenia husimika miti mirefu katikati ya maji yaendayo kasi, wakatundika madema yao ya kuvulia samaki. Vitabu vya Kiingereza husema kuwa mto huanguka hapo kadiri ya futi 200 katika mwendo wa maili 60, na kila asomaye hufahamu kuwa hayo ni makisio. Lakini mpe mwanafunzi mashine ya hisabu ageuze futi ziwe mita na maili ziwe kilomita, kisha agawanye, naye atakuletea jawabu kwamba mto huteremka mita 0.6313131 kwa kila kilomita. Ni nani, katika povu na mawe yale, aliyepima urefu ulio mdogo kuliko unene wa unywele mara mamia? Hapana. Jawabu la insafu ni mita 0.6, basi.

Tarakimu zenye maana ni zile ambazo mpimaji aweza kuzitolea ushahidi: zote alizozisoma kwa yakini, pamoja na moja ya mwisho aliyoikadiria kwa jicho. Katika kuzidisha na kugawanya, jawabu halistahili tarakimu nyingi kuliko kile kipimo kilichokuwa nazo chache. Katika kujumlisha na kutoa, hutazamwa nafasi baada ya nukta.

Sifuri ndiyo yenye kutatiza. Huko Yangambi, kilomita zipatazo 100 magharibi ya Kisangani, ambako Wabelgiji waliweka kituo kikuu cha INEAC, shirika la utafiti wa kilimo lililoundwa mwaka 1933, mpima miti huzungusha utepe kwenye shina, mita 1.30 kutoka ardhini, juu ya alama ya rangi. Tuseme amesoma sentimita 157. Akigawanya kwa pai hupata kipenyo cha 49.97465, naye yampasa aandike 50.0, wala asiidharau sifuri ile ya mwisho, kwani ndiyo ishahidiayo kwamba kipimo kilikuwa na tarakimu tatu zenye maana. Miti mingi ya msituni huongeza milimita chache tu kwa mwaka. Na atakayerudi baada ya miaka kadhaa, akasoma 159 kwenye alama ile ile na kupata 50.6, ataweza kusema kuwa mti umenenepa kama milimita 6, jambo ambalo asingethubutu kulisema lau daftari lingekuwa limeandikwa 50 tu.