Jokofu kuukuu: kompresa ipimwe peke yake

Mwenye bucha au grosari anayetaka kuondoa jokofu kuukuu asikimbilie mkokoteni wa chuma chakavu. Fundi hutoa bei nzuri zaidi iwapo kompresa bado inafanya kazi. Ikiwa imekufa, jokofu hulipwa kwa kilo, na hapo ndipo wengi hupunjwa: ndani ya kompresa mara nyingi mna waya wa shaba, ambayo kilo yake ni ghali mara kadhaa kuliko chuma. Kufufua jokofu la gesi ya R-12 ni nadra kulipa. Itifaki ya Montreal ya 1987 ilizitaka nchi zinazoendelea kuiacha ifikapo 2010, na kuhamia R-134a hudai mafuta mapya ya kompresa. Bomba lisikatwe uani. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni. Fundi mwenye mtungi wa kuivutia hutoza ada, nayo iingizwe kwenye hesabu kabla ya kupatana bei.