Maharage ya Nazi kwa Dakika 25

Ni Jumatano, msimu wa baridi. Giza limeingia tangu saa kumi alasiri, mzazi ndiyo kwanza anavua koti, na swali linatoka sebuleni: "Leo tunakula nini?" Kabla hujaagiza piza, fungua kabati. Ukiwa na makopo manne na kitunguu, chakula kipo.

Wengi wetu tunayakimbia maharage (ndugu zetu wa Kenya huyaita maharagwe) kwa sababu ya muda. Makavu hulowekwa usiku kucha, kisha huchemshwa saa nzima au zaidi. Tena yale mekundu lazima yatokote kwa nguvu angalau dakika 10, kwa kuwa yasipoiva yana sumu ya asili inayoumiza tumbo. Ya kopo yameshapikwa kiwandani. Kazi iliyobaki ni kuyaunga.

Mahitaji (watu 4)
• Maharage mekundu, makopo 2 ya gramu 400
• Tui la nazi, kopo 1 la mililita 400
• Nyanya za kopo, nusu kopo
• Kitunguu maji 1 na punje 2 za kitunguu thomu
• Manjano, nusu kijiko cha chai
• Mafuta vijiko 2, chumvi, ndimu, na pilipili 1 nzima ukipenda

Namna ya kupika
1. Teleka wali kwanza, ili viive pamoja.
2. Chuja maharage na uyasuuze kupunguza chumvi. Watoto, msifungue makopo peke yenu. Ukingo wake unakata kama kisu.
3. Kaanga kitunguu mpaka kilainike, tia thomu na manjano, kisha nyanya. Koroga mpaka mafuta yaelee juu.
4. Tia maharage na tui jepesi. Acha yachemke dakika 10. Ponda machache kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito.
5. Punguza moto, tia tui zito na pilipili, koroga polepole dakika 5. Onja chumvi, kamulia ndimu, epua.

Tui mbili zatoka wapi katika kopo moja? Pwani, nazi hukunwa, hutiwa maji na kukamuliwa. Tui la kwanza ni zito, huitwa pia kasimile. Linalofuata ni jepesi. Jepesi hutangulia sufuriani, zito huja mwisho, maana likichemka sana hukatika. Kopo likikaa bila kutikiswa, mafuta ya nazi hupanda juu. Basi usilitikise: chota lile zito la juu uliweke kando, la chini ndilo jepesi. Ukikuta halikujitenga, tia nusu mwanzo na nusu mwisho.

Watoto, hili ni lenu. Kifaa cha kukunia nazi kinaitwa mbuzi, sawa na yule mnyama. Tutajuaje unamsema nani? Sikiliza: "mbuzi wangu" anakula majani, "mbuzi yangu" inakuna nazi. Na kuunga ni kutia viungo kwenye chakula, lakini pia ni kuunganisha vitu viwili.

Wazazi, darasa letu ni mara moja tu kwa wiki, na halitoshi. Wako watoto ambao bibi akipiga simu husema "Shikamoo" na "Sijambo", kisha humrudishia mama simu. Hawakosi mapenzi, wanakosa la kusema. Dakika hizi 25 ziwe za Kiswahili kitupu: nipe mwiko, chuja, koroga, onja. Mkishakula, mpigieni bibi, na mtoto amweleze mwenyewe alichopika. Bibi hatakosa la kumsahihisha, na hapo mazungumzo yatakuwa yameanza.

Kazi ya Jumamosi ijayo: kila mwanafunzi atuletee neno moja jipya alilolipata jikoni, na atuambie alifundishwa na nani.