Gemu Haiuziki Sana, Mbona Inaongezewa Hela?

Saa nane usiku mwenzio bado yuko sebuleni, macho kwenye runinga. Ukimuuliza, anakwambia kanunua mashine nzima kwa ajili ya gemu moja tu, tena toleo la pili la gemu ambayo hata rafiki zako hawaijui. Usimnunie kwanza. Jiulize: nani alitoa mamilioni kutengeneza kitu chenye wapenzi wachache hivyo?

Mfano mzuri ni Bayonetta. Huyu ni mchawi wa kike, miwani usoni, bastola mbili mikononi na nyingine mbili kwenye visigino vya viatu (ndiyo, visigino!). Gemu yake ya kwanza, kazi ya PlatinumGames ya Japani, ilitolewa na Sega mwaka 2009. Wachambuzi waliisifu mno, ila haikuwa ya kila mtu. Mwaka 2012 Sega ikabana matumizi, ikaamua kubaki na majina ya uhakika kama Sonic na Football Manager. Toleo la pili la Bayonetta likabaki yatima.

Mara Nintendo hao, wakalipa. Sharti: litachezwa kwenye Wii U pekee. Mashabiki wenye mashine nyingine walikasirika kweli kweli.

Mimi nilidhani ni huruma. Wapi! Nintendo haikuwa inauza gemu tu, ilikuwa inauza mashine. Wii ilishazoeleka kama kitu cha watoto na familia, wao wakamtaka na mtu mzima anayependa mapigano na vituko. Mtu huyo akishanunua mashine, atanunua na gemu nyingine, na kila kampuni inayouza gemu kwenye mashine ya Nintendo inawakatia Nintendo fungu lao. Kwa hiyo Bayonetta ikileta hasara kidogo yenyewe, si neno. Chambo hakihesabiwi faida, anahesabiwa samaki.

Sasa, samaki wenyewe hawakuja. Bayonetta 2 ilitoka mwaka 2014, ikasifiwa tena, lakini Wii U iliishia kuuza mashine milioni 13 na ushee, wakati Wii ilipita milioni 100. Ungedhani hapo wangemtosa dada wa watu. Hawakumtosa. Mwaka 2018 wakaileta gemu ile ile kwenye Switch, iliyokuwa inanunuliwa kama njugu, na Bayonetta 3 ikafuata mwaka 2022. Katikati, mwaka 2019, PlatinumGames wakawatengenezea Astral Chain, ya Switch tu. Hela ya ile gemu "isiyolipa" ilikuwa imenunua pia urafiki na mafundi hodari.

Kwa hiyo leo usiku muulize mwenzio kwa upole: tangu alete mashine kwa ajili ya gemu ile moja, kashanunua nyingine ngapi?